Mwalimu Aliyebaki na Ayin

Mwalimu wangu wa herufi za Kiebrania hakupenda mwanafunzi anayejibu haraka. Ukijibu haraka aliinua kidole, akageuza uso kuelekea dirishani, akangoja hadi uanze kuona aibu mwenyewe. Kisha alisema, "Kale, haya. Sasa sema na mdomo yako, si na woga yako."

Nami ni mtu wa woga, bora niseme mapema. Nikifunga mlango narudi kuusukuma mara tatu. Nikichapa barua ya mteja naisoma kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu. Sikusoma chuo. Mengi ninayoyajua nimejifundisha kwa simu na kwa vitabu vya kuokoteza, na aliyejifundisha mwenyewe haachi kushuku kwamba kuna jambo kubwa ambalo wenzake wote waliambiwa darasani siku ambayo yeye hakuwepo. Kwa hiyo haya ninayoyaandika kuhusu Mwalimu nimeyapima sana, na bado sijui kama nimeyapima vizuri.

Tulijuana Kansanga, hapa Kampala, katika duka dogo la kuchapa barua na kutoa fotokopi ambako nafanya kazi. Aliingia mzee mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, akaweka mbele yangu karatasi yenye herufi ishirini na mbili zilizoandikwa kwa wino mweusi. Nilizitambua. Kwa miezi minne nilikuwa nazisoma peke yangu kwenye simu. Kanisani kwetu, kanisa la Wakongo, kila mhubiri alikuwa na maneno yake mawili matatu ya Kiebrania na kila mmoja aliyatamka kivyake, nami sikuweza kutulia bila kujua ni nani aliyekuwa sahihi. Basi nikataka kujionyesha. Nilizisoma zote kwa sauti, kidole kikitembea kutoka kushoto kwenda kulia, kama tunavyosoma kila kitu. Nilijua kwamba Kiebrania husomwa kutoka kulia. Nilijua vizuri kabisa. Kidole ndicho kilichosahau.

Aliniacha nifike mwisho.

"Umeanza na kuaga," alisema. "Hata nyumba bado hujaingia. Kuja Nsambya Jumanne, saa kumi, kwa nyumba za reli. Uliza Mwalimu, watakuonyesha."

Hakuniuliza kama nataka.

Chumba chake kilikuwa kisafi mno, usafi wa mahali ambapo mtu ameshaanza kufunga mizigo. Viti viwili vilitazamana, karibu kiasi cha magoti kugusana. Hapakuwa na picha ukutani, wala kalenda. Saa ya ukutani ilikuwepo lakini haikutembea, na bado ukichelewa dakika tano alijua, akakufungulia mlango bila kukusalimu. Alifundisha kwa vidole. Aliweka vidole viwili kooni pako, akakuambia uweke viwili kooni pake, mkakaa hivyo kama watu wanaotaka kunyongana kwa heshima. "Herufi haiko kwa karatasi," alisema. "Karatasi ni nguo yake tu. Yenyewe iko hapa." Na koo lake lilitikisika chini ya vidole vyangu kabla hata hajafungua kinywa.

Alikuwa na mpangilio wake. Vitabu huanza na alef na kumalizia na tav. Yeye alianza na herufi za midomo, mem, bet, pe, akapita kwenye meno, akaenda kwenye ulimi na paa la kinywa, hadi akafika kooni. "Mtu anaingia nyumba kwa mlango. Midomo ndiyo mlango. Ayin iko chumba ya ndani kabisa, kule wagonjwa wanalala."

Nilimwambia kwamba simu yangu inasema ayin siku hizi haitamkwi, watu wanairuka tu.

"Hiyo simu ni mvivu. Ayin ina sauti. Mimi niko nayo."

Akaitoa. Ilikuwa sauti ya chini sana, kama ya mtu aliyebanwa koo kwa upole kisha akaachiwa. Mjusi aliyekuwa ukutani alikimbilia nyuma ya mlango. Niliporudi nyumbani nilijaribu mbele ya kioo hadi nikatapika.

Kuna watu wanaodhani alikuwa mtu wa dini. Sikuwahi kumwona akisali. Jumamosi alikuja Kansanga kula nyama ya nguruwe kwa muhogo, akala sahani nzima na kulamba vidole. Siku moja nilipata ujasiri.

"Mwalimu, wenye lugha hii si hawali nguruwe?"

"Mimi nafundisha herufi," alisema, akitafuna. "Tumbo haijaandikishwa darasani."

Lakini mtu huyo huyo alimfukuza mchungaji mmoja aliyekuja na gari na wasaidizi wawili. Mchungaji alitaka ajifunze kutamka lile Jina la Mungu la herufi nne, apate kulitumia kwenye mkutano wake wa injili. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti changu na vidole vyangu kooni.

"Hiyo hatusemi," Mwalimu alimwambia. "Tunaifikia, tunanyamaza, tunapita."

"Mzee, nipe tu matamshi. Mengine nitayamaliza mwenyewe kwa maombi."

"Mchungaji, wewe unataka ufunguo ya nyumba ya mtu mwingine, halafu unasema utabisha hodi ukiwa ndani."

Mchungaji aliondoka bila kuaga. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile kilikaa muda mrefu kuliko kicheko.

Nyumbani kwake karatasi yenye Jina hilo haikutupwa kamwe. Akikosea mstari, au mashine yetu ya dukani ikitafuna kopi, aliipeleka nyuma ya nyumba na kuizika. Alisema ndivyo wenye lugha wanavyofanya, kwamba maandishi yaliyochakaa huzikwa kama watu. Ua wake ulijaa vichuguu vidogo vilivyosawazishwa kwa mkono. Nalongo, mama wa mapacha aliyeishi upande wa pili wa ukuta na kuuza makaa kwa makopo, alivihesabu kila asubuhi.

"Nnyabo," aliniita siku moja kutoka kwenye magunia yake, kama Waganda wanavyomwita mwanamke yeyote, "mzee wako amezika tena. Leo shimo ndogo. Mimi nafikiri ni paka."

"Ni karatasi, Nalongo."

"Karatasi! Na mbona amevua kofia?"

Jambo lililonisumbua mapema kuliko yote lilikuwa hili. Katika Kiswahili Mwalimu mara nyingine alichanganya l na r, kama watu wengi wa Kampala. Aliniambia niangalie magari nikivuka balabala. Aliomba mchere. Lakini mbele ya lamed na resh hakukosea hata mara moja. Lamed ilikuwa lamed, na resh ilitoka kwa nyuma, safi, ikikwaruza kidogo. Kisha alinigeukia na kuniuliza kama bado nyumba ya mama inavuja wakati wa masika, akasema "mvua ya Aplili". Nilihisi kama kwa dakika moja mtu mwingine alikuwa ameazimwa mdomo wake, na sasa ameurudisha.

Nimekuwa nalizunguka jambo lenyewe. Nilikaribie.

Mem niliipata Jumanne ya tatu. Mwalimu alifumba macho, vidole vyake kooni pangu, akasema, "Hiyo ni mem. Imeingia." Nilirudi nyumbani nikitembea kama mlevi wa furaha. Alhamisi, siku yetu ya pili ya somo, alinionyesha mem kwenye karatasi ili turudie. Aliitazama. Midomo yake ikafungana kama inavyopasa kwa mem, na ikabaki imefungana. Nilidhani ananipima. Nikahesabu hadi kumi. Halafu akahamisha kidole kwenye bet, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakati wa kuondoka aliniuliza, "Mama yako mzima?" na m zote zilitoka, nzima, moja baada ya nyingine.

Bet ikawa vivyo hivyo, na pe. Niliipata, akasema imeingia, na somo lililofuata yeye hakuwa nayo. Nilinunua daftari, nikachora safu mbili: yangu na yake. Kila nilipoweka alama upande wangu nilijua kwamba somo litakalofuata nitaweka nyingine upande wake. Naona aibu kuandika kwamba kwa muda fulani niliendelea kwa bidii zaidi. Nilitaka kupatia. Nilitaka kile kidole kishuke na lile neno lisemwe, imeingia. Nilifika kwenye nun, samekh na shin kabla sijakubali kutazama safu ya pili.

Mwalimu alikuwa mgonjwa wa koo. Hilo nalishika sana. Hospitalini walikuwa wamemmulika na kumwambia kuna uvimbe, na walimwambia hayo kabla hajawahi kukanyaga duka letu. Uvimbe ungeweza kumnyang'anya sauti. Lakini ugonjwa wa koo hauanzii midomoni, na hauchagui mem ya Kiebrania na kumwachia m ya mama.

Nilimuuliza, kwa sababu nisingeweza kulala. "Mwalimu, mem yako imeenda wapi?"

Alishangaa, kama mtu aliyeulizwa mkono wake uko wapi. "Si iko na wewe? Unataka ikae sehemu mbili?"

Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha yeye. Swali hilo nililiuliza mara nyingi na kila mara nilipata jibu jipya. Mara alikuwa fundi wa reli, mgeni, aliyekuja kutengeneza injini. Mara alikuwa mjane aliyeshona mapazia. Mara alikuwa kipofu. Kitu kimoja tu hakikubadilika, nacho alikisimulia akitazama dirishani.

"Nilimaliza herufi zote isipokuwa moja. Nikaona kama wewe unaona. Nikaogopa, nikakimbia. Nilikaa mbali miezi mingi. Kurudi nakuta bado yuko kitandani, na ile moja. Anaita nayo watu, anaita nayo maji. Kama mtu ameshika mlango wazi kwa mgeni, na mgeni hakuji. Nikaichukua siku hiyo. Alilala vizuri."

"Alilala, au alikufa?"

"Alilala vizuri," alirudia.

Nilimweleza mama. Mama ni mtu wa Bukavu, hana muda wa mafumbo. Alikuwa anafua, akaacha nguo ndani ya povu.

"Weye mutoto, unakonda. Hizi herufi za huyu muzee zitakumaliza."

"Ni alfabeti tu, mama."

"Alfabeti gani inamaliza mwenye kuifundisha? Wacha kwenda kule."

Nilikwenda. Wakati huo uvimbe ulikuwa umeanza kazi yake kweli. Kiswahili kilimtoka kwa wiki chache, kwanza maneno marefu, kisha yote. Alianza kuandika kwa penseli kwenye daftari la shule. Kwa Kiebrania nilikuwa nimeshafika kooni: he, kisha het, ambayo alinifundisha kwa kunipulizisha kioo cha miwani yake hadi kikapata ukungu mpaka pembeni. Het iliingia. Ikabaki ayin.

Na ayin ndiyo ilikuwa sauti pekee iliyobaki katika mwili wa mtu yule. Akitaka maji alisema ayin. Akitaka mlango ufungwe, ayin. Nalongo aliisikia kupitia ukutani, akaacha makaa yake na kuja na kikombe, akisema njiani, "Bambi, maskini, anaita." Aliizoea. Mimi sikuizoea.

Niliipata Kalerwe, sokoni, nikichagua nyanya. Sikuwa najaribu. Nilikuwa nimeinama juu ya fungu, nikifikiria kama mbili za chini zimeoza, na ikatoka yenyewe, nzito, kutoka mahali ambapo sikuwahi kupafikia. Muuzaji aliacha kupanga na kunitazama. "Nnyabo, unaumwa?" Nilimwambia ni mafua. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeziba mdomo kwa kitambaa, nikanyamaza siku nzima, na kwenye daftari sikuweka alama.

Jumanne ilipofika nilikaa kwenye kiti changu na kukosea kwa makusudi.

Kwa mtu wa aina yangu kukosea kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko kupatia. Nilitoa e nyembamba, ya juu, ya mtu asiyejua kitu. Mwalimu alitikisa kichwa, tukarudia. Alhamisi tena. Jumanne tena. Wiki zilipita. Alizidi kukonda, shati lake likabaki limesimama peke yake shingoni, nami nikawa najiambia kwamba ninamwokoa. Nikiwa njiani kurudi nilijiambia kinyume chake. Labda sikuwa naokoa kitu. Labda nilikuwa yule mgeni asiyekuja. Labda nilikuwa naogopa tu kwamba nikiitoa ayin na yeye akafa siku hiyo, nitakuwa nimekosea kosa ambalo hakuna wa kulisahihisha. Kila alipoita maji nilihesabu: bado anayo, bado anayo.

Mara ya mwisho ninayotaka kuiandika ni Jumanne, saa kumi. Hakuwa tena kwenye kiti. Kitanda kilikuwa kimesogezwa dirishani. Alinionyesha nikae ukingoni, akachukua mkono wangu mwenyewe na kuuweka kooni pake. Ngozi ilikuwa ya moto na uvimbe ulikuwa mgumu kama kokwa. Akaweka vidole vyake viwili kooni pangu, vyepesi, nusu havipo. Kwa mkono mwingine aliandika: *Sema.*

Nilimpa e yangu ya uongo.

Hakutikisa kichwa. Aliandika kwa muda mrefu, penseli ikisimama kila baada ya neno, kisha akanigeuzia daftari.

*Unakosea vizuri sana. Kila siku sawasawa. Mtu hajui, anakosea kila siku tofauti.*

Sikujua niweke wapi uso wangu. Katika maisha yangu nimewahi kukamatwa kwa kosa, lakini sikuwahi kukamatwa kwa kukosea bila kasoro.

"Nikiisema," nilimwambia, "utaita maji na nini?"

Aliandika: *Mimi nilikimbia. Wewe umekaa.* Akapumzika. Chini yake akaongeza: *Nimechoka kuishika.*

Nilimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa ananipima. Alikuwa anaomba, mzee yule aliyewageuzia watu uso dirishani, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo kwa kuandika maneno hayo machache. Nilifikiria wiki zote nilizomfanya aibebe kwa sababu mimi naogopa. Nikafumba macho.

Nikaisema.

Ilitoka palepale ilipotoka Kalerwe. Niliihisi chini ya vidole vyake, na wakati huohuo, chini ya vidole vyangu, koo lake lilitikisika pamoja na langu, mara moja, kama mtu anayekubali. Kisha likatulia. Nilifungua macho. Alikuwa anapumua, taratibu, uso umelegea. Alishusha mkono wake kutoka shingoni pangu na kuulaza juu ya blanketi.

Nje ndala zilikuja mbio.

"Nakuja, Mwalimu, nakuja!" Nalongo aliingia na kikombe, mikono bado myeusi kwa makaa. "Banange, leo umeita na nguvu! Hata wateja wamesikia."

Alimwinamia, akamwekea kikombe mdomoni. Mwalimu alikataa kwa kichwa. Kwa kidole kimoja, bila kukiinua kutoka kwenye blanketi, alinionyesha mimi.

"Huyu?" Nalongo alicheka. "Hapana, ssebo. Aliyeita ni wewe. Mimi najua sauti yako kama najua jiko yangu."

Mwalimu alifungua kinywa ili amjibu. Tulingoja, mimi na Nalongo, tukimtazama. Alikiacha wazi kwa muda, bila haraka, akakifunga.

Nalongo aliacha kucheka. Alitazama mdomo wa Mwalimu, kisha akageuka polepole na kuutazama wangu. Alirudi nyuma hatua moja, akanyoosha mkono wote, akanipa kile kikombe kwa mbali, namna mtu anavyompa maji mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujulikani.

Koo langu lilikuwa limekauka kweli. Nilikunywa yote.